Nakala Mbili za Orodha ya Makaburi

Kazi yangu ni kupatanisha kompyuta zilizokosana. Nikisema hivyo watu hucheka, lakini sijapata maelezo mengine mafupi zaidi. Katika kampuni ninayofanyia kazi, nje kidogo ya Kolwezi, hakuna mtu mwenye kompyuta yake kwa maana ya kweli. Unachokiona kwenye kioo, folda zako, barua ulizoacha nusu, picha ya mwanao uliyoiweka nyuma ya kila kitu, vyote hivyo vinakaa kwenye seva, ndani ya chumba kidogo chenye baridi ambacho ufunguo wake ninao mimi. Meza hiyo yote ya kwenye kioo tunaiita biro, kwa Kifaransa bureau, na hii ni biro ya seva. Na kwa sababu mtandao wetu hukatika kila lori linapogusa nguzo, kila mashine ina nakala ya biro hiyohiyo tumboni mwake, ili mtu aendelee kufanya kazi. Mtandao ukirudi, nakala hizo mbili zinatakiwa zikae chini zikubaliane. Zisipokubaliana, naitwa mimi.

Kuna njia ndefu na njia fupi. Njia ndefu ni kufungua nakala zote mbili, kutazama kila faili liliandikwa lini na nani, na kuchagua kwa macho. Hiyo inakula asubuhi nzima. Njia fupi ni kitufe kimoja: futa ya hapa, chukua ya seva. Mwenye mashine anaenda kunywa chai, akirudi alama zote nyekundu za kutokubaliana zimeondoka na yeye anashukuru. Mara nyingi haileti madhara. Mwaka ninaousimulia nilikuwa mtu wa njia fupi. Mtu akifika mlangoni na mashine mkononi, kabla hajamaliza kueleza shida yake nilikuwa nimeshabonyeza. "Seva haikosei," niliwaambia, kwa sauti isiyokaribisha swali la pili.

Sikuwa mvivu. Nilikuwa nimekufa ganzi. Mvua zilipokuwa zimekolea mke wangu alijifungua mtoto wa kike, mtoto wetu wa kwanza, na mtoto akakaa siku sita. Kwetu sisi, familia ambayo babu zake waliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba ya watu wengine, mtoto anayeondoka kabla kitovu hakijadondoka hafanyiwi kilio. Hakuna turubai barabarani, hakuna viti vya kuazima, hakuna wanaume wa kukaa nao. Hata jina anakuwa bado hajapewa. Wamama wanamchukua alfajiri, wanamfunga vizuri kwenye kitambaa, wanakwenda naye makaburini, wanarudi, wananawa mikono, na baba haulizwi kitu. Baba haonyeshwi hata mahali. Siku ya tatu nilirudi kazini. Wenzangu walidhani nilikuwa na malaria, na mimi sikuwasahihisha.

Mke wangu alikaa nyumbani wiki chache, halafu akaenda kupumzika kwa wazazi wake Mutshatsha, ule mji wa reli upande wa magharibi. Kupumzika kukawa miezi. Hatukugombana, na nadhani ingekuwa afadhali tungegombana. Tulipigiana simu kila Jumapili. Umekula? Nimekula. Mvua? Imenyesha. Baada ya hapo mmoja wetu alisema mtandao ni mbaya, tukaagana. Mtandao ulikuwa mzuri.

Sasa nifike kwenye makaburi. Mtoto wangu alizikwa kwenye makaburi ya zamani nyuma ya mtaa wetu, na chini ya makaburi hayo kuna shaba. Kolwezi hilo halimshangazi mtu. Chini ya kila kitu kuna shaba, na kuna watu wanaochimba hata chini ya vitanda vyao. Kampuni ilipata ruhusa ya kupanua shimo lake, na makaburi yakapangiwa kuhamishwa kwenye kiwanja kipya upande wa barabara inayokwenda Fungurume. Utaratibu ulibandikwa kila mahali, hata kwenye mlango wa kantini. Familia inakuja, inaonyesha kaburi lake, inaandikishwa. Kaburi lililoandikishwa litafukuliwa mbele ya familia, mabaki yatatiwa kwenye sanduku lake, na yatapata shimo lake na msalaba wake. Kaburi lisilo na mtu kwenye orodha litahamishwa pamoja na mengine yasiyo na watu, yote ndani ya shimo moja kubwa. Orodha itafungwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, adhuhuri. Baada ya hapo itapigwa muhuri na haitaguswa tena.

Mimi sikwenda kuandikisha. Ningeonyesha nini? Sikujua tuta lake ni lipi. Aliyejua alikuwa Mutshatsha, na sikumwambia habari ya kuhamishwa. Nilijiambia nitamwambia Jumapili ijayo. Jumapili zikapita. Ningependa kuandika hapa kwamba nilikuwa nikiteseka, lakini sikusikia kitu. Kila asubuhi nilipita mbele ya lile tangazo kama mtu anayepita mbele ya tangazo la mbolea wakati hana shamba.

Aliyekuwa akiandika orodha hiyo alikuwa mama mmoja wa idara inayoshughulika na wakaaji, mwenye umri wa mama yangu mdogo, wa asili ya Kasai kama sisi, mnene kidogo, miwani yake imefungwa uzi ili isianguke kaburini, kama alivyopenda kusema mwenyewe. Kila asubuhi gari lilimpeleka makaburini. Alifungua meza ya kukunja chini ya mwavuli, akawasha laptop, na watu wakapanga mstari. Aliandika namba ya tuta, jina la aliyelala, jina la familia, simu, na nani atakuwepo siku ya kufukua. Karatasi zilikatazwa tangu mvua ilipolowesha daftari la kwanza lote likawa uji. Huko hakuna mtandao, kwa hiyo aliandika kwenye biro ya mashine. Adhuhuri alirudi ofisini, akachomeka waya, na biro ya mashine ikakutana na biro ya seva.

Mara ya kwanza alipokuja kwangu alisimama mlangoni na laptop kifuani.

"Tata, malaini ya leo haiko. Niliandika batu vingt-trois ku makaburi. Sasa nafungula, hata mumoja haiko. Beko wapi?"

"Haukufanya enregistrer, mama," nikasema, yaani hakuihifadhi.

"Nilifanya."

"Kila mutu anasemaka vile."

Nikachukua mashine, nikabonyeza. Futa ya hapa, chukua ya seva. Orodha ikafunguka safi, bila wale watu ishirini na watatu. Nikamrudishia. Aliangalia kioo, akaniangalia mimi, akaenda zake. Nilisikia akiongea peke yake kwenye korido.

Alirudi wiki iliyofuata, halafu tena, halafu tena, halafu tena. Siku nyingine kazi yake ilibaki salama, siku nyingine ilipotea, na hakuna aliyeweza kusema ni kwa nini. Alikuwa na mdomo, mama yule. Mara ya tatu alisema mbele ya watu waliokuwa wakisubiri, "Ona docteur wetu. Kichwa inauma, anakupa quinine. Tumbo inauma, quinine. Umevunjika mukono, quinine." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka kwa midomo, kisha nikampa quinine yake.

Wale aliowakumbuka aliwatafuta mmoja mmoja na kuwaandika upya. Lakini ukumbuke nini kati ya watu mia wanaosimama mbele yako wakilia? Alikumbuka sura, kitambaa cha huyu, kikohozi cha yule. Namba ya tuta na namba ya simu hazikai kichwani mwa mtu, na vyote viwili vilikuwa ndani ya mistari iliyopotea. Wengine walikuwa wametoka mbali, Kisenge, vijiji vya kando ya reli, wakaonyesha kaburi lao, wakaandikwa, wakarudi kwao na roho nyeupe wakijua kazi imekwisha. Hawakuwa na sababu ya kurudi tena.

Jumatano ya wiki ya mwisho alikuja bila kubisha hodi, akakaa kwenye kiti changu cha wageni, akaweka laptop magotini.

"Leo siondoki," akasema.

"Mama, niko na kazi."

"Mi pia. Vendredi banafunga liste. Aba batu bote banapotea batatiwa mu shimo moja sawa takataka. Bana yabo bakikuya kuniuliza, niseme nini? Niseme seva haikosei? Na kuko laini moja minaitafuta sana. Ile laini siondoki bila yake."

Sikumuuliza ni mstari gani. Nilikasirika. Nataka hilo lieleweke, maana watu walikuja kunisifu baadaye kwamba niliguswa na moyo wake. Sikuguswa. Nilikasirika kwa sababu amekalia kiti changu na hataki kuondoka, nikaamua kumwonyesha, kwa ushahidi, kwamba ni yeye asiyejua kuhifadhi faili. Kwa hasira hiyo nikafungua njia ndefu kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Kumbukumbu za seva zinaandika kila kitu, ukiwa na subira ya kuzisoma. Nikakuta hivi. Mama amehifadhi orodha yake makaburini saa tano na dakika hamsini na mbili. Hakuwa amekosea. Amefika ofisini, amechomeka waya saa sita na dakika kumi. Seva imeitazama orodha yake, ikaikataa, kwa sababu yenyewe tayari ilikuwa na orodha mpya zaidi. Kanuni yake ni hiyo, iliyo mpya ndiyo inayobaki. Na hiyo mpya zaidi ilikuwa imehifadhiwa saa sita na dakika thelathini na moja.

Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita na robo.

Nilisoma tena mara mbili. Kulikuwa na mtu ndani ya jengo letu aliyehifadhi faili kwa saa ambayo ilikuwa bado haijafika.

Haikuchukua muda kumjua. Idara ile ilikuwa na biro moja inayotumiwa na watu wawili: mama, na shefu aliyetumwa kutoka Kinshasa kwa miezi michache kusimamia uhamisho. Mtu mpole, mashati yake yamenyooka, Kiswahili chake maneno kumi. Kila siku kabla ya chakula alifungua orodha ya mama ili ahesabu mistari kwa ajili ya ripoti yake, na kwa kuwa alikuwa mtu wa unadhifu, alirekebisha herufi kubwa hapa na pale, akahifadhi. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Ubaya ulikuwa kwenye saa ya mashine yake, na saa hiyo niliisogeza mimi.

Kwa asiyeijua nchi yetu: saa ya Kinshasa iko nyuma ya saa yetu kwa saa moja. Kila anayetoka huko anafika Kolwezi na mashine iliyochelewa. Njia sahihi ni kuiambia mashine kwamba imehama mji. Inauliza nywila ya msimamizi, inazimika, inawaka, unasubiri. Njia ya mkato, ambayo kila mtu huku anaijua, ni kushika mshale na kuisukuma saa mbele kwa mkono, na saa ya kwenye kioo inakuwa sawa na ya ukutani. Siku ya kwanza shefu alisimama mlangoni kwangu akasema, "Heure yangu iko nyuma." Nikachukua mashine yake, nikasukuma, nikamrudishia. Sekunde kumi. Nilitaka aondoke.

Lakini ndani ya matumbo yao mashine zote zinahesabu saa moja ya dunia nzima, kisha zinaongeza au kupunguza kufuatana na mji uliozitajia. Mashine iliyoamini kwamba iko Kinshasa, ikaambiwa ni saa sita wakati Kinshasa ni saa tano, iliamini kwamba inaishi saa moja mbele ya wenzake. Zetu zingerekebishwa na seva, lakini ile ilikuwa ya makao makuu, haikuwa kwenye orodha yetu ya mashine. Basi kila alichohifadhi shefu kilikuwa kipya kuliko vyote. Siku alizohesabu mapema asubuhi, kazi ya mama ilipona. Siku alizochelewa hadi karibu na chakula, kazi ya mama iliuawa. Na kila mara mama aliponiletea maiti, mimi niliizika kwa kitufe.

"Umeona nini?" mama akauliza.

"Ni mi," nikasema.

"We umefanya nini?"

Nikamweleza. Hakunitukana. Alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa chake, akasema, "Bon. Sasa tufanye."

Nilianza kwa shefu. Nilibadilisha mji wa mashine yake, nikasubiri izime na iwake, nikamwambia ukweli wote nikiwa nimesimama. Akauliza, "Donc mimi ni mtu wa kesho?" Nikamwambia hapana, wa saa moja ijayo tu. Hakucheka na mimi sikucheka. Aliuliza ni makaburi mangapi, nikasema sijui bado.

Kile kitufe changu hakifuti kabisa. Hilo nililijua siku zote na sikuwahi kujali. Mashine inaisukuma biro ya zamani pembeni, inaipa jina lilelile lenye mkia wa tarehe, na kuiacha pale hadi diski ijae. Ikijaa, inakula ile ya zamani kuliko zote. Nilikuwa nimebonyeza mara tano kwenye laptop ya mama. Niliingia kutafuta mikia mitano.

Nilipata minne.

Jumatano mchana na Alhamisi yote tulikaa bega kwa bega. Mimi nilifungua nakala ya zamani upande wa kushoto na orodha ya seva upande wa kulia, yeye akasoma kwa sauti, mimi nikahamisha. Namba ya tuta, jina, familia, simu. Baada ya muda majina hayo yalianza kunichosha kwa namna ambayo sikuizoea, maana yeye hakuweza kusoma jina bila kusema kitu. Huyu alikuya na mutoto mugongoni. Huyu alikuwa analia mupaka nikamupa maji. Huyu ni creuseur, alitoka mu shimo na udongo mu nywele, akasema iko haraka, akatafuta kaburi ya kaka yake saa nzima. Mimi nilisema, "Endelea, mama." Watu wa siku nne walirudi kwenye orodha, pamoja na wale wa Jumatano ile ambao kitufe hakikuwagusa.

Alhamisi alasiri ikabaki siku ya tano, ile ya kwanza kabisa, siku ya watu ishirini na watatu. Nilitafuta kwenye diski hadi nikakosa pa kutafuta. Ilikuwa imeliwa. Nikamwambia.

Mama aliinuka. Kisha akafunga mlango wa chumba changu, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Tata, mi niliahidi muntu nitanyamaza. Haya ni mambo ya bamama. Lakini kesho banafunga."

"Mama, sema."

"Ile laini minatafuta. Ni ya bibi yako, mama ya mutoto wako. Alikuya na lori ya makaa kutoka Mutshatsha, alfajiri, njo alikuwa wa kwanza mu musululu. Bamama benye kuzika balimuambia juu ya kuhamisha. Akanionyesha fasi, akaandikisha, akarudi siku ileile. Alisema nisikuambie. Namba ya kaburi siikumbuke, tata. Kule kwa batoto biko bijiti tu, byote sawasawa. Na telefone yake ilikuwa mu laini tu."

Ilichukua muda kuelewa. Mke wangu alikuwa amefika Kolwezi, amepita labda mita mia kutoka mlangoni kwetu, akaandikisha mtoto wetu, akaondoka. Na adhuhuri ya siku hiyo hiyo mama huyu aliniletea laptop, akiwa na mtoto wangu kwenye mstari wa kwanza, akaniuliza beko wapi. Nami nikamwambia hakufanya enregistrer.

"Piga," mama akasema. "Mi natoka inje."

"Kaa," nikamwambia. Niliogopa kubaki peke yangu. Ilikuwa mara ya kwanza katika miezi yote hiyo kusikia kwamba naogopa kitu.

Mke wangu alipokea upesi.

"Leo haiko dimanche," akasema, maana ilikuwa Alhamisi, si Jumapili.

"Najua. Laini yako ku liste ya makaburi ilipotea. Mi njo niliipoteza. Kesho midi banafunga."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akipasua kuni. Hakuuliza ilipoteaje.

"Namba unaikumbuka?" nikauliza.

"Deux cent quatorze." Mia mbili na kumi na nne: alijibu papo hapo, kama mtu anayetaja namba ya nyumba yake.

Nikaandika. Sehemu iliyofuata kwenye fomu inauliza jina la aliyelala. Nilitaka kuiruka. Kwa watoto wa aina hiyo mama alizoea kuandika "mtoto wa" na jina la mzazi.

"Jina nitie ya nani?" nikasema.

Akataja jina. Lilikuwa jina zima, la nyanya wa mke wangu mzaa baba, na la Kikristo mbele yake. Silitaji hapa.

"Nilimupa siku ya kwanza ku maternité," akasema. "Sikungoja kitovu."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"We unaulizaka tu kama nimekula."

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea uzi wa miwani yake. Niliandika jina hilo herufi kwa herufi, nikakosea, nikafuta, nikaandika tena. Uchungu ulinipanda, mwingi, wote kwa pamoja, na nikaendelea kujaza fomu kwa sababu sikujua la kufanya nao. Familia. Simu. Atakayekuwepo siku ya kufukua.

"Hapa natia nani? Utakuya?"

"Tia wewe. Ile siku pia nilisema batie wewe."

"Mwanaume haendake kwa mutoto wa vile."

"Mi nilimuona siku sita," akasema. "We ulikuwa unaogopa kumushika, ulisema utamushika akikomaa kidogo. Enda umuone."

Kisha akasema mtandao ni mbaya, na akakata.

Nilihifadhi mara tatu. Nikaenda kwenye chumba cha baridi, nikafungua seva yenyewe, nikatazama kwa macho yangu kama mstari umefika. Ulikuwepo. Mama naye aliuangalia, akasema, "Bon," na tukarudi kuwatafuta wale ishirini na wawili wengine. Alitangaza redioni jioni ile na asubuhi ya Ijumaa, mimi nikapiga simu kwa kila aliyedhani anamjua mmoja wao. Wengi wao walirudi, wengine wakikimbia. Kuna ambao hatukuwapata hadi adhuhuri ilipofika na muhuri ukapigwa. Wako ndani ya lile shimo kubwa. Familia zao zilikuja, zilionyesha, ziliandikwa, na wako mle kwa sababu nilitaka mtu aondoke mlangoni kwangu. Nimejaribu kuliandika hilo kwa namna nyingine na hakuna namna nyingine.

Kufukua kulianza kiangazi, vumbi jekundu kwenye kila kitu. Walizungushia sehemu kwa sehemu maturubai ya buluu, mafundi wakafanya kazi ndani, familia zikasubiri nje zimepanga mstari. Sehemu ya watoto ilikuja siku ya nne. Karibu wote waliosubiri walikuwa wamama. Wanaume tulikuwa wawili, tukasimama mmoja nyuma ya mwingine bila kusalimiana vizuri.

Mama alikuwa ameshika orodha iliyochapishwa, ile yenye muhuri. Aliita kila mtu kama watu wanavyoitwa kwetu, kwa jina la mtoto wake wa kwanza: mama wa fulani, mama wa fulani. Ndivyo inavyokuwa. Ukishazaa, jina lako mwenyewe linabaki kwenye kitambulisho, mtaani unakuwa mzazi wa mtu. Mimi wenzangu waliendelea kuniita kwa jina langu, au docteur, au tata tu, yaani baba, kama anavyoitwa mwanaume yeyote.

"Tata wa," mama akaita, na akataja jina.

Niligeuka nyuma kuona ni nani anayeitwa. Yule mwanaume mwingine alikuwa ananitazama. Mama akasubiri, kisha akarudia, polepole zaidi, jina lote.

"Niko," nikasema.

Nilipita kwenye turubai. Sanduku lilikuwa tayari limewekwa juu ya meza, la mbao nyeupe, limeandikwa 214, kifuniko bado hakijapigiliwa. Fundi aliniuliza kama nataka kuangalia au wafunge. Nikamwambia nataka kuangalia. Nilikaa pale muda wote nilioruhusiwa, halafu nikalibeba mwenyewe. Nililia mchana kweupe mbele ya watu wote, na yule mwanaume alinishika bega, akanisogeza kando kidogo, kwa sababu mtoto wake ndiye aliyefuata.